Kujidhuru, hisia na mwili: maswali na majibu

Je, kujidhuru ni ugonjwa wa akili?

Si lazima. Anayejiumiza makusudi bila nia ya kufa anaweza kuwa na sonona au wasiwasi, na anaweza asiwe na ugonjwa wowote. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa, karibu vijana 17 kati ya 100 wamewahi kujidhuru. Idadi hiyo ni kubwa mno kusema tatizo ni la mtu mmoja mmoja tu.

Sosholojia, yaani elimu ya jamii, inatuambia nini?

Inauliza anayejidhuru anaishi na watu gani, na wamemruhusu kuhisi nini. Mwaka 1979 mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuwa jamii huwa na kanuni za hisia: zipi zinafaa, wapi na kwa kiasi gani. Msichana akikasirika ataambiwa hana adabu. Mvulana akilia ataambiwa ajikaze. Lakini hasira iliyokatazwa haiyeyuki. Wengi waliojidhuru husema maumivu ya mwili yaliwatuliza kwa muda, au yaliwaondolea ganzi ya moyo. Nafuu yenyewe haidumu, ndiyo maana tendo hurudiwa.

Si wanatafuta tu kuonekana?

Kauli hii imeumiza watu wengi. Anayetafuta kuonekana havai shati la mikono mirefu kwenye joto kali, wala hasingizii paka kwa kila mkwaruzo. Akificha, anaitwa msiri. Kovu likionekana, anaambiwa anadeka. Na hata kama ameonyesha ili asaidiwe, kosa liko wapi? Lawama hizo humfuata hadi chumba cha matibabu, akahojiwa kama mshtakiwa huku kidonda kikisafishwa. Siku nyingine atajifunga bandeji mwenyewe, kimyakimya.

Nimegundua mdogo wangu anajidhuru. Nifanyeje?

Usimfokee, wala usimwapishe kwamba hatarudia, maana akirudia atakuficha. Mwambie umeona na unamjali, kisha msikilize bila kumkatiza. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Hata asiyekusudia kufa, hatari ya kujiua baadaye huwa kubwa kwake kuliko kwa wengine, kwa hiyo msindikize kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Damu isipokata, kidonda kikiwa kirefu au akiwa amemeza kitu cha hatari, mpeleke hospitali mara moja.

Na kama ni mimi?

Chagua mtu mmoja unayemwamini umwambie leo. Ukishindwa kutamka, mwandikie.