Taruma moja baada ya jingine

Wenye majahazi wengi wakija hapa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, hunionyesha ubao uliooza nje. "Fundi, tubadilishie huu tu." Mimi huingia ndani kwanza, nikaanza kudunga mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa msumari mrefu, kutoka ngamani, chini kabisa maji yanapokusanyika, kwenda juu. Msumari ukizama bila kulazimishwa, taruma hilo limekwisha hata kama kwa macho ni zima.

Chumvi ya bahari huuhifadhi mti. Kinachoozesha jahazi ni maji ya mvua, yanayopenya juu na kutuama kwenye vichwa vya mataruma. Chini ya maji adui ni yule mdudu anayetoboa vijia ndani ya ubao. Ndiyo maana chombo hupwelezwa ufukweni, tumbo likachomwa kwa makuti na kupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Kisha kuna kutu. Msumari ukishika kutu hula mti unaouzunguka, tundu likapanuka, na ubao ukaachana na taruma.

Jahazi nililo nalo sasa ni la futi 40. Tulilipandisha kwa maji ya bamvua, maji makuu ya mwezi, tukalitia magadi, nguzo za kuliegemeza, pande zote mbili. Kabla ya kung'oa chochote nilivuta uzi kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, sambamba na mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote. Mkuku ulikuwa umeinuka katikati, ncha zote mbili zimeshuka. Niliondoa gogo la katikati lililoubeba mkuku, uzito wa chombo chenyewe ukaanza kuushusha, nami nikawa nakaza kabari za omo na tezi kidogo kidogo kila asubuhi. Kazi hii haitaki pupa: ukilazimisha, mkuku hupasuka.

Mataruma mabovu yalikuwa 11. Kuyang'oa yote kwa mkupuo ni kosa linaloniuma kila nikiliona, kwa sababu mbao hukosa wa kuzishika, zikafunguka, na umbo alilolitia fundi wa kwanza halirudi tena. Natoa moja, jirani zake nazibakisha, na lile bovu ndilo kipimo cha jipya. Taruma jipya halitoki kwenye ubao ulionyooka, maana nyuzi zake zitakatika penye pindo, na hapo ndipo litakapovunjika. Tunatafuta tawi la mlilana au mkomafi, miti ya mikoko, lililopinda lenyewe, tezo la kuchongea likaufuata mpindo wake.

Kila msumari nauzungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, maji yasipate njia. Kalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba, huja mwisho, na hapa mkono uwe mwepesi. Mbao zilizokaa juani zimekauka. Zikirudi majini zitavimba. Ukishindilia pamba mno, mbao zitasukumana mpaka ziing'oe misumari.

Kwa hiyo mwenye chombo nimeshamwambia: siku ya kushusha litavuja, asishtuke. Alete ndoo na vijana wawili wa kukesha wakiteka maji ya ngama hadi mbao zishibe.