Luger ni bastola gani?

Kwenye vijiwe vya Iringa, hadithi za Mkwawa zikikolea, Mjerumani huvishwa Luger kiunoni. Kalenda inakataa. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi Julai 1898. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipokea Luger mwaka 1908.

Kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski kilipoangamizwa na Wahehe Lugalo mwaka 1891, bastola rasmi ya jeshi hilo ilikuwa bado rivolva ya mwaka 1879: risasi 6 za milimita 10.6 kwenye silinda inayozunguka, na kila ukitaka kupiga sharti uvute kwanza nyundo kwa kidole gumba. Haikuwa hata na kifaa cha kutema maganda. Uliyachokoa moja moja kwa kijiti. Hebu fikiria kazi hiyo, na mikuki ya Wahehe iko hatua kumi.

Luger ni ya ukoo mwingine: inajipakia yenyewe, risasi 8 zikiwa kwenye magazini ndani ya kitako. Georg Luger aliifinyanga upya kutoka bastola kubwa ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893. Siri yake ni komeo, kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, lenye kiungo mfano wa goti. Goti likiwa limenyooka, komeo halifunguki. Ni kama mtu aliyekaza miguu, humkunji kwa kumkandamiza mabegani. Risasi inapotoka, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja kidogo tu, goti linagonga mteremko kwenye fremu na kukunjika kwenda juu, ganda linaruka nje. Springi inalinyoosha tena, na risasi mpya inaingia chemba.

Uswisi walitangulia kuichukua, mwaka 1900, kisha jeshi la majini la Ujerumani 1904. Ilisifiwa kwa shabaha, lakini vipande vyake vilichongwa kwa kubanana mno: ghali kuitengeneza, na tope haikulipenda. Mwaka 1938 Wajerumani wakachagua Walther P38 kuchukua nafasi yake. Risasi ya Luger ya milimita 9 ndiyo iliyoshinda zama, na bastola nyingi za leo bado zinaitumia.

Anayetaka kuiingiza Luger kwenye hadithi za Nyanda za Juu Kusini basi aanzie Oktoba 1918, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alipokatiza Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Hapo miaka inaruhusu. Kalenga, ngome ya Mkwawa, aiachie rivolva.