Mvinje "unawaka hata mbichi": hii nimeisikia mara nyingi mno

Juzi nimepigiwa simu tena, fundi njoo jiko lako linatoa moshi. Nikaenda. Ni shule, jiko la sufuria kubwa nililowafungia mwenyewe, bomba la moshi limeziba masizi mpaka limebaki tundu la kupitisha ngumi, na pale nje kuna lori zima la kanta la kuni za mvinje uliokatwa kwenye uzio wa shamba la jirani hata wiki haijaisha. Mama mpishi macho mekundu. Anayenunua kuni akaniambia lile neno ninaloambiwa kila mahali huku pwani: "Lakini fundi, mvinje si unawaka hata mbichi?"

Unawaka, sikatai. Na ndio maana dhana hii haifi, manake mtu anaona kwa macho yake moto umeshika. Lakini kushika moto ni kitu kimoja na kuivisha githeri ya watoto 600 ni kingine. Kuni mbichi, kati ya theluthi na nusu ya uzito wake ni maji. Tuseme ni asilimia 40, basi tani moja ina kilo 400 za maji, yaani mapipa mawili yale ya lita 200, na umeyalipia bei ya kuni, halafu moto wako uyachemshe yote mpaka yawe mvuke na hayo si ya chai wala si ya ugali. Na mvuke sio hata hasara kubwa, hasara kubwa ni kwamba maji yanapoza moto, ile gesi inayotoka kwenye kuni haipati joto la kuungua inapanda zake na bomba, ikipoa inaganda kama lami na masizi. Ule moshi mweusi ndio kuni zenyewe zinaondoka bila kupika kitu! Jiko halina kosa hapo. Na wapishi wanauvuta kila siku, Shirika la Afya Duniani, WHO, walikadiria moshi wa ndani ya nyumba ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa hiyo mtu akiniambia "moshi ni kawaida ya jikoni" nakasirika kabisa.

Ninachowaambia wateja wangu wote ni hiki, kuni za muhula ujao nunua muhula huu. Kata wakati wa kaskazi, Januari au Februari, kabla ya masika. Pasua siku hiyo hiyo ukiwa bado mbichi, manake mvinje ukishakauka shoka linadunda tu, pasua uwe unene wa mkono. Kuni hutoa maji kwa kasi kwenye ncha kuliko ubavuni, kwa hiyo vipande vifupi vinakauka mapema. Panga juu ya mawe zisiguse mchanga, funika juu peke yake, ubavuni acha upepo wa bahari upite. Watu wanafunga turubai pande zote kama wanafunika maiti, zinaota ukungu.

Dhana nyingine za kuni ninazosikia nazipitia haraka.

"Mti mgumu una joto zaidi." Kwa kilo, hapana, kuni yoyote iliyokauka kabisa iko karibu megajuli 18 hadi 20 za joto kwa kilo. Ugumu unakufaidi ukinunua kwa mzigo au kwa kanta, kwa sababu nafasi ile ile inabeba kilo nyingi. Ukipimiwa kwa mzani angalia ukavu, jina la mti achana nalo.

"Zimenyeshewa, zimeharibika." Kuni iliyokwisha kauka ikipigwa na mvua inalowa juu juu, siku chache za jua imerudi.

"Mti wowote wa uzio ni kuni." Mnyaa uache, utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Na ule wa maua ya rangi ya waridi wanaoita olianda una sumu, usichomee kitu na usitengeneze vijiti vya mishikaki.

"Kata shina, utachipua." Mjohoro na mwarobaini ndiyo. Mvinje huu wetu ukiukata chini mara nyingi umekwenda, na uzio wako wa kuzuia upepo umekwenda nao. Huo ndio mti uliopandwa kwenye machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kuanzia 1971 ukashika juu ya mwamba mtupu, sasa wewe unaumaliza kwa muhula mmoja? Punguza matawi ya chini, panda mingine nyuma yake.

Kujua kama zimekauka, gonganisha vipande viwili, kavu inalia kama ubao, mbichi inatoa sauti ya kitu kizito kilicholowa. Angalia nyufa kwenye ncha. Mimi naamini mzani, chukua kipande kimoja kiandike namba, kipime kila Jumamosi, siku kitakapoacha kupungua uzito ndio uniite tuwashe jiko.