Mjomba Anatazama Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Mwendelezo wa Shoti

Zoezi lenyewe ni dogo: mtu afungue mlango, avuke chumba, akae mbele ya mwenzake, wasemezane maneno mawili matatu, basi. Halifiki hata dakika mbili. Wanafunzi wa filamu hupewa zoezi la namna hii nchi nyingi kwa sababu limebeba mambo matatu ambayo karibu kila filamu ya hadithi inayahitaji: kukata shoti (kipande kimoja kilichopigwa bila kusimamisha kamera) katikati ya kitendo, kupokezana shoti za watu wanaoongea, na kubaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika kati yao. Mwendelezo ndio huo: shoti zilizopigwa mbalimbali zionekane kama tukio moja lisilokatika.

Tuchukue kundi la mfano, wanafunzi watano au sita wa chuo hapa Mtwara, wenye simu mbili, stendi moja ya kuazima na nyumba ya jamaa Mikindani. Hadithi yao ni ya huku huku kusini. Kijana amemuuzia korosho mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya utaratibu, na mjomba wake kamwita. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua ukoo huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akiita huulizi mara mbili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa. Zile korosho ziko wapi?"

"Nimezipeleka chama cha msingi."

"Lete stakabadhi."

Sini (tukio moja la filamu) nzuri hiyo, haihitaji mapambo. Ikiharibika, itaharibiwa na mambo ambayo kundi liliyaamini kabla hata simu haijawashwa.

"Mwendelezo ni nguo na vitu visibadilike"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na inadumu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kofia ya mjomba ikiwa kichwani shoti hii na mezani shoti inayofuata, watu watacheka. Lakini tazama kundi linavyotumia muda wake: wanabishana weee kuhusu vifungo vya shati, kisha mmoja anasema "jamani upande wa pili kuna mwanga mzuri", kamera inahamishwa, na hakuna anayeuliza kitu. Sini inafia hapo, na vifungo vimefungwa vizuri kabisa.

Weka viti viwili vinavyotazamana. Vuta mstari wa kufikirika kutoka pua ya kijana hadi pua ya mjomba. Kamera ikiwa upande wa dirisha, kijana yuko kushoto anatazama kulia, mjomba yuko kulia anatazama kushoto. Sogea mbali, sogea karibu, piga picha kutoka nyuma ya bega la kijana, piga kutoka nyuma ya bega la mjomba. Maadamu hujavuka mstari, mielekeo hiyo haibadiliki. Hiyo ndiyo nusu duara ya nyuzi 180 mnayoruhusiwa kuichezea. Sasa vuka, simama upande wa kabati, piga klozapu (picha ya uso kwa karibu) ya mjomba. Atatokea anatazama kulia. Ukiiunganisha na klozapu ya kijana iliyopigwa kutoka dirishani, wote wawili wanatazama kulia kama abiria kwenye daladala. "Lete stakabadhi," anaambiwa nani? Mtazamaji wa kawaida hajui lolote kuhusu mistari. Atahisi tu kwamba mjomba anasema na mtu wa tatu aliye nje ya picha, na wakati anamtafuta huyo mtu, jibu la kijana limeshampita.

Dawa yake ni bei rahisi: bandikeni utepe sakafuni kutoka kiti hadi kiti, mwite kila mmoja auone. (Chaki nayo inafaa, ila nyumba si yenu.)

Macho yana jambo lake jingine, nalo ni kimo. Kijana anapoingia amesimama na mjomba amekaa: mjomba atazame juu, kijana atazame chini. Akishakaa, macho yanalingana. Makundi mengi hupiga klozapu ya mjomba wakati mwigizaji wa kijana ametoka kwenda kununua maji, na mjomba anauambia ukuta maneno yake. Inaonekana. Mwenzake hata kama haonekani kwenye picha akae palepale, sikio lake likaribie lenzi, aseme maneno yake kwa nguvu ileile.

Sahani ya ming'oko (viazi pori vya huku kusini) iliyo mezani je? Ikipungua kipande kimoja kati ya shoti mbili, wachache sana wataona, kwa sababu jicho la mtazamaji hukimbilia uso na chochote kinachosogea. Hiyo ndiyo ruhusa mliyo nayo. Kuweni wakali kwenye nyuso, mikono na mielekeo. Vilivyo pembeni ya fremu vinasameheka. Hata hivyo ningewanyima waigizaji chakula. Kila mrudio sahani inapungua, na kufikia klozapu ya mwisho mjomba ameshiba na hasira imemwisha. Kikombe cha chai ambacho ndani yake hapaonekani kinatosha.

"Kwenye kukata, mwigizaji anaendelea pale alipoishia"

Hapana. Anarudia kitendo kizima.

Nje, kamera inamwona kijana anashika komeo, anasukuma mlango, mwili unaingia. Kisha kamera inahamia ndani, na kijana anaanza tena kutoka kwenye komeo: anashika, anasukuma, anaingia, anapiga hatua mbili mbele. Shoti zote mbili zina kitendo chote, na mhariri anachagua pa kuunganisha. Kundi linalosema "kata!" mara tu mlango unapotikisika linabaki na vipande viwili vyenye ncha zinazopaswa kugusana bila pengo wala mwingiliano. Nafasi ya kusogeza haipo.

Pa kukata ni wakati mlango unakwenda. Mwendo unalishika jicho, na badiliko la engo linapita bila kelele. Ukisubiri mlango utulie ndipo ukate, kila mtu anauona mkato.

Mlango wa zamani wa mbao, mzito, una visa vyake. Mara ya kwanza mwigizaji hajauzoea, anausukuma kwa bega. Mara ya tatu ameshajua unapokwama, anausukuma kwa kiganja tu. Hivyo vitendo viwili haviungani hata kidogo. Kwa hiyo afanye mazoezi ya mlango kabla ya kurekodi chochote, na mtu aandike: mkono wa kulia, kiganja juu ya komeo, mguu wa kushoto unatangulia, kofia anaivua baada ya hatua ya pili. Mwandishi huyo asipewe kazi nyingine yoyote. Kwa kawaida kazi hii hutupiwa aliyekuja amechelewa. Mimi ningempa mwenye jicho kali kuliko wote, halafu huyo wa kuchelewa ashike stendi.

Mkitoka shoti pana kwenda ya karibu ya mtu yuleyule, msisogeze kamera mbele tu kwenye njia ileile. Badilisheni na engo pia, angalau nyuzi 30, na ukubwa wa mtu ubadilike waziwazi. Bila hivyo picha inaruka, na mtazamaji anadhani video imekwama.

"Kuediti kutarekebisha"

Programu ya kuhariri inapunguza, inapanga, inagusa rangi. Shoti ambayo hamkuipiga haitaitoa popote. Kuna wanaofifisha shoti moja ndani ya nyingine ili kuficha mkato mbaya. Mtazamaji anaelewa muda umepita, kana kwamba mjomba alinyamaza mpaka alasiri. Kuna wanaogeuza picha kama kwenye kioo ili kusahihisha mstari uliovukwa, na mfuko wa shati unahama kutoka kushoto kwenda kulia.

Kinachookoa kweli ni shoti za ziada: vidole vya kijana vikiikunja kofia, kikombe mezani, uso wa mjomba anasikiliza bila kusema neno. Hiyo ya kusikiliza ipigwe kwa muda mrefu. Pigeni hizo kabla hamjafungasha.

"Tuna simu mbili, tutamaliza upesi"

Mtamaliza kupiga upesi. Simu mbili za aina tofauti hazioni ngozi ya mtu kwa rangi moja, na kila moja hujirekebishia mwanga kivyake mtu anaposogea. Mjomba wa simu hii ni mwekundu kidogo, wa simu ile kageuka buluu. Tumieni moja. Bonyezeni kioo kwa muda ili kufunga fokasi na mwanga, na kama programu ya kamera inaruhusu, fungeni na rangi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo chini ya taa za umeme fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde hupunguza ule mtetemo wa mwanga unaokera.

"Tupige kwa mpangilio wa hadithi tusije tukachanganyikiwa"

Jua husogea nyuzi 15 kila saa. Ule mraba wa mwanga unaoingia dirishani saa 3 asubuhi uko sakafuni, na kadiri muda unavyokwenda unahama, unanyauka, unatoweka. Mkifuata mpangilio wa hadithi, mnazunguka kutoka mjomba kwenda kijana kurudi kwa mjomba, na kila jibu linakuja na mwanga wake. Pigeni shoti pana ya sini yote kwanza. Kisha maliza kila kitu cha mjomba kutoka pembe moja, ndipo geuza kamera kwa kijana. Kuchanganyikiwa kunazuiwa na daftari.

Nje mambo ni makubwa zaidi. Kundi linataka kijana aonekane akitembea kando ya ghuba ya Mikindani kabla ya kufika mlangoni. Wanaanza maji yamekupwa, ngalawa zimelala kwenye tope. Wanaenda kula. Wakirudi maji yamejaa na ngalawa zinaelea, wakati kwenye hadithi ni hatua kumi tu kutoka shoti ya kwanza. Kutoka kupwa hadi kujaa ni takriban saa 6, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ni kubwa mno kuificha. Waulizeni wavuvi kabla ya kupanga ratiba. Hawatoi ushauri wa filamu, lakini watawaambia maji yanageuka saa ngapi.

"Mstari ni sheria za Hollywood, wakubwa wanazivunja"

Kweli, ni makubaliano ya watu. Filamu za ndugu Lumière wa Ufaransa, miongoni mwa waanzilishi wa sinema, za 1895 zilikuwa shoti moja moja, hapakuwa na cha kuunganisha. Mtindo huu wa mwendelezo ulijengeka Marekani taratibu, na kufikia takriban 1917 ulikuwa umeshatulia. Na kweli Ozu Yasujiro, mwongozaji filamu wa Japani, aliuvuka mstari katika mazungumzo filamu baada ya filamu, kwa makusudi, na watu na vitu vyake akivipanga kwenye fremu kwa uangalifu wa ajabu. Anayevuka kwa sababu stendi haikuenea nyuma ya kabati hajavunja sheria kwa maana hiyo.

Mkitaka kuvuka, njia zipo. Kamera isogee yenyewe ndani ya shoti huku tunaiona inavuka. Au mjomba ainuke, aende dirishani, na mstari mpya uanzie hapo. Au wekeni kati ya pande mbili shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, mjomba akitazama karibu kabisa na lenzi. Hiyo ya mjomba kuinuka ndiyo ningeichagua kwa sini hii, maana inampa nafasi ya kumgeuzia mpwa wake mgongo.

"Sauti haina mwendelezo"

Klapu, kile kibao kinachogongwa ili sauti na picha zilingane, haitoshi. Shoti ya kijana ina bodaboda linapita kwa mbali, ya mjomba haina: kila mkato bodaboda linawaka na kuzimika, hata kama picha zimeungana barabara. Adhana ikianza, ngojeni iishe. Wakati wa kusi, dirisha la upande wa bahari lifungwe au kipaza sauti kivalishwe sponji. Mkimaliza maneno, kila mtu anyamaze, hata wale wa jikoni, mrekodi dakika nzima ya chumba kitupu. Kipande hicho kitatandazwa chini ya sini yote na kuziba mashimo kati ya sentensi. Na kirekodiwe kabla mjomba hajavua kanzu na kuanza kudai nauli yake ya kurudi Shangani.