Rahman hakuanza na Jai Ho

Ukimtaja A. R. Rahman, mtunzi wa muziki wa filamu kutoka India, wengi watakuimbia Jai Ho, wimbo wake wa filamu Slumdog Millionaire, na kukukumbusha zile Oscar 2 alizobeba mwaka 2009. Basi wanadhani ndipo alipoanzia, kwamba Hollywood ndiyo iliyomwibua. Sivyo hata kidogo. Kufikia hapo India ilikuwa imemsikiliza kwa zaidi ya miaka 15.

Rudi kwenye Roja ya 1992, filamu ya Kitamil ya mwongozaji Mani Ratnam. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa ya filamu, na papo hapo ikampa Tuzo ya Taifa ya muziki. Hata hiyo Bollywood, yaani filamu za Kihindi za Mumbai, aliingia baadaye. Chimbuko lake ni Chennai, jiji la kusini mwa India, mtoto wa mtunzi R. K. Shekhar, aliyefariki Rahman akiwa na miaka 9.

Sasa vaa spika za masikioni, uweke muziki mkuu wa Bombay (1995), ule usio na maneno. Filimbi inaingia peke yake, taratibu, kama mtu anayeongea na nafsi yake, kisha ala za nyuzi zinaibeba. Halafu ruka hadi Chaiyya Chaiyya ya Dil Se (1998), ile ya kucheza juu ya behewa la treni: ngoma zinakwenda mwendo wa magurudumu, na sauti ya Sukhwinder Singh inapasua katikati.

Kwa masikio yangu, Jai Ho haifui dafu mbele ya hizo mbili. Ni tamu, sikatai.