Chad Gilbert na kazi ya prodyuza wa bendi

Huku kwetu Bongo ukisema prodyuza mtu anamuwaza P-Funk Majani, yaani mwenye biti, msanii anakuja na mistari yake anatema, imeisha hiyo. Kwenye muziki wa bendi biti hamna, wimbo washatunga wenyewe, wapo watano na kila mmoja mjuaji, sasa prodyuza anafanya nini? Mi kurekodi bendi ndo kazi inayoniweka mjini, na nikiulizwa hilo swali huwa namtaja Chad Gilbert.

Jamaa ni wa Florida, kazaliwa 1981. Wengi wanamjua kwa gitaa la New Found Glory, bendi ya pop-panki, yaani panki yenye korasi tamu za kuimba pamoja, iliyoanzia Coral Springs 1997. Wanachoruka ni kwamba mwaka huohuo, akiwa na miaka 16, ilitoka albamu ya kwanza ya bendi yake nyingine, Shai Hulud, na mle ndani gitaa hashiki, anapiga makelele. Hadikoo kavu, yaani panki ya kelele na hasira! Yaani dogo alikua na sikio moja la nyimbo za kuimba pamoja na lingine la fujo.

Hayo masikio ndo yakaja kumlipa. 2008 akaprodyuzi albamu ya Nothing to Prove ya H2O, wakongwe wa hadikoo wa New York, 2009 Homesick ya A Day to Remember, vijana wa Ocala hukohuko Florida, 2010 akarudi nao kwenye What Separates Me from You. Hao A Day to Remember wanakupa korasi tamu hata mama mkwe anaweza kuimba, ghafla mwendo unashuka, gitaa na dramu zinagonga kwa mpigo mmoja kama mtu anabomoa ukuta, ndo wanaita brekidauni. Prodyuza wa pop tupu angewatoa meno, wa hadikoo tupu angeionea aibu ile korasi. Gilbert alishaishi nyumba zote mbili.

Tuje kwenye gitaa lenyewe. Ule upana unaousikia kwenye pop-panki siri yake ni kupiga kipande kilekile mara mbili, toka mwanzo, teki moja inakaa spika ya kushoto nyingine ya kulia. Mkono hauwezi kurudia sawasawa, hapa umewahi kidogo, pale umechelewa, na hizo tofauti ndo zinatanua sauti. Mi nilivyoanza nilikuwa mvivu, nikachukua teki moja nikaikopi nikaibandika upande wa pili, nikajipongeza kabisa, kuja kusikiliza kwenye gari gitaa limekaa katikati vilevile ila limezidi kelele. Si kushoto na kulia ni kitu kimoja, sikio litasikia viwili vya wapi? Kesho yake nikamrudisha mpigaji, kaja kanuna. Ndo maana napenda prodyuza aliyepiga gitaa mwenyewe, akikwambia rudia, piga kwa kushusha mkono tu, anajua unauma kiasi gani.

Zile sauti za kundi nazo, watu wakipiga kelele pamoja kwenye wimbo, usidhani wameita mtaa mzima. Watu sita mbele ya maiki moja, mnarekodi mara nne, kila teki wanabadilishana sehemu za kusimama. Basi.

Halafu kuna hili. 2009 hiyohiyo ambayo Homesick imetoka, New Found Glory nao wakatoa Not Without a Fight, na aliyeprodyuzi siyo Gilbert, ni Mark Hoppus, mpiga besi wa blink-182. Kuna watu nikiwaambia wanashangaa, prodyuza si mnaye ndani? Mi hata sishangai, maana ukiwa umepiga wewe gitaa hulisikii, unachosikia ni vidole vyako na ile sehemu uliyokosea ambayo hamna mwingine aliyeiona, utairudia mpaka alfajiri huku wimbo wenyewe unahitaji beti ya pili ikatwe. Nikipiga mimi, meza ya kurekodia namuachia mshkaji wangu, nikishamaliza teki zangu natoka nje kutafuta mihogo, na anafunga mlango kwa ndani.