Je, wajua kwa nini mtu alilipa "kodi ya nyumba" kwa nyumba aliyoijenga mwenyewe?

Bibi yangu wa Malindi alikuwa na kauli moja kuhusu babake: "Alikwenda Mombasa kutafuta kodi ya nyumba." Niliisikia utotoni mwote na nikadhani nimeielewa. Siku hizi ukitaja kodi ya nyumba, picha inayokuja ni ya mwenye nyumba anayegonga mlango mwezi ukiandama. Kwa hiyo nikajitungia kisa kizima: mzee alipanga chumba, deni likamlemea, akakimbilia vibarua vya bandarini Kilindini.

Siku nilipomwuliza bibi mwenye nyumba alikuwa nani, alinitazama kama niliyeuliza bahari ni ya nani. "Mwenye nyumba si baba? Ukuta kaukandika mwenyewe, makuti kashona mama."

Kodi ile ilikuwa ya serikali. Kiswahili kimeyaweka malipo mawili katika neno moja: unachompa mwenye nyumba na unachoipa serikali, vyote kodi. Pwani ilijua ushuru karne nyingi kabla ya Mwingereza, na neno ushuru limetokana na Kiarabu, lenye maana ya fungu la kumi. Lakini ushuru ulitozwa bidhaa pale forodhani. Huna shehena, hudaiwi. Kilichokuja mwaka wa 1901, miaka 6 baada ya Uingereza kutangaza himaya yake ya Afrika Mashariki (Kenya ya leo), ni kodi ya kibanda: rupia 1 kwa kila kibanda, na ndani ya miaka michache rupia 3. Hata aliyekaa kwake akila mahindi yake alidaiwa.

Baada ya kurekebishwa na bibi nikaangukia kosa la pili, na hili ndilo lililonichukua muda zaidi kuliachia. Nilidhani ni mchango tu: serikali ilikosa fedha za kuendeshea ofisi, ikazikusanya vijijini. Kama ndivyo, kwa nini idai sarafu kwa watu ambao utajiri wao ulikuwa mbuzi, nafaka na minazi? Ni sawa na kumdai mvuvi theluji.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme Shela, Lamu, kuna mzee mmoja mwenye askari. Watu wanavua, wana minazi yao, wanabadilishana samaki kwa nafaka, na mzee huyu hawamhitaji kwa lolote. Siku moja anatangaza kwamba kila nyumba itamletea vigae 3 kila mwaka, vigae vya sahani vilivyopigwa muhuri wake. Asiyeleta, mlango wake unang'olewa. (Anayejua mlango wa Lamu unavyochongwa hahitaji kuelezwa uzito wa tishio hilo.) Vigae vinapatikana wapi? Kwa mzee huyo huyo. Anavitoa kwa yeyote atakayembebea boriti kutoka mikokoni, kigae 1 kwa siku kadhaa za kazi.

Hapo mzee hajamshika mtu mkono. Hajasema "wewe, Fulani, njoo ubebe." Ametaja tarehe tu, na asubuhi yake foleni ya wabebaji inaanzia gatini. Kigae hakiliki wala hakipikiki, lakini kuanzia siku hiyo kina thamani, kwa sababu kila mlango mtaani unakidai. Punde mvuvi anaanza kuuza samaki kwa vigae, maana naye ana mlango. Mpika mahamri vivyo hivyo. Soko zima linaanza kuhesabu kwa vigae na hakuna aliyeamrishwa.

Sasa mtazame mzee mwenyewe. Je, anatoza vigae kwa kuwa amepungukiwa navyo? Ana kikapu tele. Tena asingeweza kukusanya hata kimoja kabla ya kuvitoa kwanza. Anachotaka ni boriti zifike gatini. Kigae ni kamba tu ya kuzivutia. Nikiwaza mchango, nilikuwa nimeisoma kamba kana kwamba ndiyo mzigo.

Mfano huu unachechemea mahali pamoja, na ni haki kusema. Rupia ilikuwa sarafu ya India, na serikali ya Nairobi haikuwa na kikapu kisicho na mwisho. London ilitaka koloni lijilipie gharama zake, kwa hiyo mapato ya kodi ya kibanda yalihitajika kweli. Kusema kodi ile ilikuwa ya kutafuta vibarua peke yake ni kutia chumvi. Ilifanya kazi mbili kwa mpigo, na ile ya pili maofisa na walowezi hawakuificha: waliijadili waziwazi, wakipimana kiasi gani cha kodi kitamtoa mtu kwake. Miaka ya mwanzo pia hawakuishikilia sarafu kila mahali. Sehemu nyingine, hasa upande wa Nyanza, walipokea mbuzi, hata siku za kazi. Ila ofisi yenye zizi uani haifiki mbali, na sarafu ikashinda.

Kiasi chenyewe kilikuwa na maana. Kibarua katika mashamba ya walowezi bara angeweza kupata rupia 4 au 5 kwa mwezi. Kodi ya rupia 3 basi ni zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi, kwa kibanda kimoja. Mwenye wake wawili ana vibanda viwili. Watu wakajibu kwa akili: wakabanana katika kibanda kimoja ili kihesabiwe kimoja. Serikali nayo ikajibu mwaka wa 1910 kwa kodi ya kichwa, iliyomwangukia mwanamume mzima asiye na kibanda cha kulipia. Kibanda unaweza kukipunguza. Kichwa, taabu kidogo.

Na hapa kuna kioja ambacho nikikieleza barazani huonekana nimekibuni. Ukanda wa pwani wa maili 10, Malindi na Lamu zikiwamo, haukuwa mali ya Uingereza kisheria. Ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Uingereza ilimlipa pauni 11,000 kwa mwaka kuutumia, pamoja na 6,000 nyingine kama riba ya deni. Yaani serikali ilikuwa mpangaji, nayo ikimtoza kodi ya nyumba mtu aliyejenga kwa mikono yake.

Je, kamba iliwavuta wote? Hapana, na ushahidi mzuri uko nyuma tu ya Malindi. Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, waliolima kando ya mto Sabaki walikuwa na mahindi ya kuuza. Wafanyabiashara wa Malindi na Mambrui waliyanunua, rupia zikapatikana, kodi ikalipwa, na mtu akarudi shambani kwake bila kumbebea mlowezi kitu. Ndiye yule mvuvi wa Shela: vigae anavipata kwa samaki, boriti hazigusi. Kodi ya sarafu humtuma mtu kazini pale tu milango mingine ya kuipata sarafu inapofungwa.

Ndipo serikali ikaanza kufunga milango. Mwaka wa 1912 ilimpeleka ofisa Arthur Champion akae Ugiriamani, akusanye kodi na kutafuta vibarua. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawakusanya watu, viapo vikaliwa Kaya Fungo, makazi yao matakatifu msituni, na vibarua hawakutoka. Alikamatwa, akapelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikailipua kaya kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakaamriwa waondoke kaskazini ya Sabaki, kwenye udongo ule ule uliokuwa ukiwalipia kodi. Ni kama mzee wa Shela kuwafukuza wavuvi pwani. Miaka michache baadaye wakaruhusiwa kurudi, mashamba yakiwa yamelala.

Lakini wengi waliolima karibu na bahari walikuta jambo jingine. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili 10 kudai mashamba yao mbele ya ofisa, na Wamijikenda kwa sehemu kubwa walitoka mikono mitupu. Ardhi ikaandikwa kwa wenye hati au kwa serikali, na wao wakabaki maskwota. Nyumba yako, minazi umeipanda wewe, chini ni kwa mwengine. Serikali ilipewa kodi yake, na mwenye hati akapewa ijara.

Nilipofika hapo nilirudi kwa bibi kumwuliza ile nyumba ya babake ilisimama kwenye shamba la nani. Alifikiri kidogo, akanitajia jina la tajiri mmoja wa mjini.